Jiza Bila Karatasi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Birika tena. Siku ya tisa. Kujaza, kuchemsha, kumwaga kwenye beseni, kujaza tena. Baridi ya Joburg mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Leo nimeoga juu, kesho nitaoga chini. Ndiyo maisha.

Jiza, lile tangi la kuchemshia maji ya bafuni, limekufa kabisa. Nililikuta humu wakati nanunua flati, lilikuwa zee hata siku hiyo. Lina kutu tumboni, linavuja, ukiliwasha umeme wa nyumba nzima unajizima. Binti yangu Furaha amelifungua, ametazama na tochi, amelifunga. Anasema hakuna cha kutengeneza hapo. Ni kuweka jipya.

Sawa, jipya. Na atalifunga nani? Hilo nalo swali? Nina fundi bomba ndani ya nyumba. Mtoto wa tumbo langu. Darasa lao la ufundi lilikuwa na wavulana ishirini na mmoja na wasichana wawili, na mtihani wa mwisho yeye alipita mara ya kwanza. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita kule Bukavu. Cheti chake nimekitia fremu, kiko ukutani juu ya cherehani yangu. Mteja akija kupimwa nguo lazima akione. Akisimama vibaya namgeuza.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Furaha ameleta maneno. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tunavyoishi tangu alipoanza shule hapa Yeoville. Leo Kiingereza kilikuwa kingi.

Eti jiza halifungwi hivi hivi. Kwanza kamati ya jengo ijulishwe kwa maandishi, maana maji ya flati zote za upande wetu yatafungwa. Halafu fundi mwenye leseni atoe karatasi kwamba kazi imefuata sheria. Wanaiita COC. Fundi wa umeme naye atoe ya kwake. Bila karatasi hizo, jiza likipasuka bima ya jengo haimsaidii mtu.

Nikamwonyesha ukutani. Karatasi ile pale. Akasema kile ni cheti, si leseni. Cheti kinasema amesoma kazi. Leseni ndiyo inamruhusu kutia sahihi. Mtihani wa leseni ataufanya tarehe 27 mwezi huu. Mpaka hapo anafanya kazi chini ya bosi wake, Bwana Govender, na Bwana Govender ndiye anatia sahihi.

Basi aje atie. Hawezi, ana orodha ndefu. Baridi imepasua majiza ya mji mzima. Wiki mbili.

Wiki mbili! Mtoto wangu ana mikono miwili mizima, anafungia matajiri wa Sandton majiza kila siku, na mama yake aoge nusu nusu wiki mbili zaidi. Sikubali.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekwenda mwenyewe kwa Papa Mokoena, mwenyekiti wa kamati ya jengo. Mstaafu, anakaa chini karibu na mlango, faili lake la kijani haliachi hata akienda kutupa taka. Nikamwambia kwa heshima kwamba Jumamosi tutafunga jiza. Nikadhani nimeshajulisha.

Akanipa fomu. Kurasa nne. Jina la fundi, namba ya leseni ya fundi, saa ya kufunga maji, sahihi ya majirani. Nikamwambia fundi ni binti yangu, anamjua, anamwona kila asubuhi na begi la vyombo. Akauliza namba ya leseni. Nikamwambia inakuja. Akatikisa kichwa, akasema siku hizi nyie watu mnafunga kitu chochote popote, halafu jengo linateseka.

Nyie watu.

Nimepanda ngazi na fomu yao. Flati hii nimeinunua kwa sindano. Magauni ya harusi, sare za kwaya, mapazia, miaka kumi na saba. Jina langu limo kwenye hati, wameliandika sawasawa, hawakukosea hata herufi moja. Mimi si mtu wa kupita.

Fomu nimeiweka chini ya vitenge. Siijazi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mkutano wa akina mama kanisani. Mama Esther akaanza tena habari za mwanawe wa benki. Mwanawe kapewa ofisi yenye dirisha. Mwanawe kapewa kiti kinachozunguka. Tukasikiliza.

Zamu yangu ikafika. Nikasema kesho binti yangu ananifungia jiza jipya kwa mikono yake. Wakapiga vigelegele. Kundi letu lina desturi: mama akipata kitu kipya nyumbani, sote tunakwenda kukiombea, mwenye kitu anapika. Tumeombea friji, tumeombea vitanda, tumeombea hata meno ya bandia ya Mama Josée. Jiza bado. Nikawaambia Jumapili baada ya ibada wote kwangu, mtanawa mikono kwa maji ya moto ya Furaha.

Nimerudi na furaha yangu. Furaha mwenyewe hakufurahi. Akasema ningemuuliza kwanza. Nimuulize nini? Samaki nimeshanunua.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mikono inanuka vitunguu lakini lazima niandike leo.

Jiza limekuja asubuhi, vijana wawili wamelipandisha mpaka ghorofa ya tatu. Jeupe. Zuri. Furaha kavaa ovaroli, kafunga nywele, kashuka kufunga maji ya upande wetu. Sikubandika tangazo lolote. Robo saa baadaye mlango ukagongwa. Gogo Nomsa, bibi mzee wa chini yetu, nywele zimejaa sabuni, taulo shingoni, ananitazama tu. Nikampa ndoo ya maji na maandazi sita. Akachukua vyote, akaondoka.

Halafu mambo ya trei. Kumbe chini ya jiza kunakaa trei pana yenye bomba lake la kutolea maji nje, ili likivuja maji yasishuke kwa wa chini. Dukani walikosa ya kipimo chetu, watapata Jumanne. Furaha akataka kusimamisha kazi. Jiza likae sebuleni mpaka Jumanne. Nikamwambia kesho akina mama wanakuja. Akasema hapana. Nikamwambia jiza jipya halivuji, trei tutaiweka Jumanne, nani atajua. Akasema hapana tena. Nikamwambia anataka mama yake achekwe na Mama Esther mbele ya kanisa zima.

Akapanda ngazi yake mpaka kwenye kabati la juu ya bafu, akalifunga.

Alasiri maji yakatoka. Kwanza ya kahawia, halafu meupe, halafu moto. Moto kabisa. Nikaweka mikono chini ya bomba nikalia kidogo. Nimeoga mwili mzima. Nimeoga kama mke wa waziri.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Akina mama kumi na wanne. Foleni ya bafuni imefika mpaka jikoni. Tukaomba, tukaimba, kila mmoja akanawa. Mama Esther akaingiza mkono akautoa haraka. Moto. Amekiri mwenyewe kwa mkono wake.

Samaki wamekwisha, wali umekwisha, hata ukoko.

Nikamlazimisha Furaha avae ovaroli tena ili tupige picha. Kasimama mbele ya kabati la juu ya bafu, milango wazi, spana mkononi. Hakucheka lakini katoka mzuri. Nimeiweka picha kwenye simu, pale wote wenye namba yangu wanaona. Chini nikaandika: Binti yangu amefunga jiza. Hatukuomba ruhusa ya mtu. Niliandika Kiingereza ili jengo zima lisome. Papa Mokoena namba yangu anayo.

Aone.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Ameona.

Barua chini ya mlango. Na picha yangu, wameichapa kwa rangi, kubwa. Wamezungushia wino mwekundu chini ya jiza, pale pasipo na trei. Barua inasema kazi imefanywa bila taarifa, maji ya flati tisa yamefungwa bila tangazo, aliyefunga hana leseni. Alhamisi nifike mbele ya kamati. Na kamati itaiandikia bodi inayotoa leseni za mafundi bomba, itaje jina la Furaha. Nakala imeshakwenda kwa mwajiri wake.

Kupata mwajiri haikuwa kazi. Jina la Bwana Govender limeandikwa mgongoni mwa ovaroli. Lakini pichani mgongo hauonekani. Basi ni kwa sababu mimi nimemsimulia kila mtu kwenye ngazi binti yangu anafanya kazi wapi.

Furaha aliisoma amesimama, koti bado mwilini. Akaniuliza kitu kimoja: kama najua bodi hiyo ndiyo inasahihisha mtihani wake wa tarehe 27. Akaingia chumbani.

Duka limepiga simu. Trei imefika.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Furaha amerudi saa nne asubuhi. Bwana Govender amemwambia akae nyumbani mpaka mambo haya yaishe. Miaka mitatu hajawahi kuchelewa hata siku moja. Amefungua mlango taratibu kama mgeni.

Damu ilinipanda. Nilivaa kiatu nikatoka. Kuna mtu barabarani anajulikana anatoa hizo COC. Nilimkuta kwenye kiti nje ya saluni. Hakuuliza jiza la aina gani, hakuuliza nani kafunga, hakutaka kuliona. Aliuliza namba ya flati tu. Kabla sijafika nyumbani karatasi iko kwenye simu. Muhuri, sahihi, namba ya leseni ya mtu nisiyemjua. Safi. Nikasema sasa Papa Mokoena atakula faili lake.

Nikampelekea Furaha chumbani, natabasamu. Akaisoma. Akanijibu kwa Kiswahili. Sikumbuki mara ya mwisho. Kiswahili chake kimebaki cha mtoto wa miaka minne, maneno yanagongana.

"Mama, wewe ukipeleka hii, mimi siendi mtihani. Huyu mtu hakuona jiza. Gogo Nomsa anaoga chini yake."

Nikasema nafanya hivi kwa ajili yake.

"Bila trei nilikataa mara mbili. Nilifunga sababu ya wageni wako."

Akatoka. Nikamsikia anapanda ngazi bafuni. Akazima umeme wa jiza, akafunga maji yake, akaandika kwenye karatasi akaibandika pale: LISIWASHWE. Kwa mwandiko wake mzuri.

Ile COC ya kwenye simu nimeifuta. Sikufuta kwa sababu ya Mokoena. Iandikwe hivyo.

Birika liko jikoni linachemka.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kikao kimefanyika chini, kwenye chumba cha kufulia. Watu kumi na wawili kwenye viti vya plastiki. Nimevaa gauni langu la kijani lenye mikono mipana, nimelishona mwenyewe, nimefunga kilemba. Kama ni kuhukumiwa, nihukumiwe nimependeza.

Furaha alitaka kuja. Nikamwambia hili si la kwake.

Papa Mokoena alisimulia kitu nisichokijua. Kabla sijahamia, jiza la flati namba tisa lilipasuka mchana watu wako kazini. Dari la wa chini lilianguka lote juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto alikuwa shule, Mungu asifiwe. Bima ikadai COC. Haikuwepo. Ikafunga kitabu. Tangu siku hiyo ndipo fomu ikawa na kurasa nne. Alisimulia bila kupaza sauti. Mimi nilikuwa nimekuja na hasira kamili, ikabidi niikate nusu kama kitambaa.

Akauliza kama nina la kusema. Nikasimama. Kiingereza changu ni cha sokoni lakini kinasikika.

Nikasema fomu nimeikataa mimi. Tangazo sikubandika mimi. Binti alitaka kungoja trei, alisema hapana mara mbili, mimi ndiye niliyemsukuma kwa sababu nilikuwa na wageni. Kama barua inakwenda bodi, waandike jina langu, flati kumi na nne, na waandike kwamba ni mama.

Nilikuwa nimemaliza. Nikaona sijamaliza.

"Trei kukosekana ni kosa langu, Papa Mokoena, nalibeba. Ile 'nyie watu' ni yako. Ibebe."

Mashine moja ya kufulia ilikuwa inazunguka peke yake. Gogo Nomsa akaanza kucheka, cheko la kifuani, mpaka akakohoa. Papa Mokoena alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. Akamwambia katibu aandike. Katibu akauliza aandike ipi. Akasema zote mbili.

Uamuzi: siku saba. Jiza liwe na trei, na COC ya fundi mwenye leseni ambaye ameiona kazi kwa macho yake. Ikishindikana, barua inakwenda bodi na jina la Furaha.

Nimepanda ngazi polepole. Sikuomba msamaha kwa kupiga magoti. Nimesema kweli nimesimama.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Bertrams, karakana ya Bwana Govender. Nimekwenda kwa miguu kutoka Yeoville ili nipange maneno njiani. Nilipanga mengi. Niliyatumia machache.

Bwana Govender ni mtu mfupi, mikono mikubwa, amezungukwa na mabomba kama mtu anayeuza miwa. Alinisikiliza bila kuacha kupanga valvu kwenye boksi. Nikamweleza kama nilivyoeleza kamati. Nikamwomba aje atazame, atie sahihi, trei tunayo.

Akasema hatii sahihi jiza ambalo tayari limekaa, mabomba yamefunikwa. Furaha alitoe lote. Aanze upya kutoka kwenye ukuta mtupu, yeye amesimama hapo. Jumatano.

Hapo nikawaka. Nikamwambia kazi ya binti yangu ni nzuri, kuing'oa ni kumwaibisha mbele ya jengo. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema kama ni nzuri, itakuwa nzuri tena Jumatano. Akasema pia Furaha angempigia simu Jumamosi ile, yeye angekuja hata na viatu vya nyumbani. Hilo ndilo lililomuuma, nimeona.

Nilikuwa na jibu. Nikaliacha Bertrams.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Fomu nimeitoa chini ya vitenge. Furaha anasoma maswali, mimi najaza. Kurasa zote nne. Pale penye jina la fundi tumeandika Govender na namba yake. Pale penye msaidizi nimeandika jina la Furaha, refu, na la baba yake, marehemu, na la babu yake. Mstari haukutosha. Nimepanda pembeni mwa karatasi.

Sahihi za majirani: nimegonga milango minane. Gogo Nomsa alitia sahihi, akauliza safari hii maandazi ni mangapi.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nimebandika tangazo kwenye kila ghorofa. Jumatano, saa mbili asubuhi mpaka saa sita, maji yatafungwa. Nimelipamba pembeni kwa maua. Tangazo la kamati halijawahi kupendeza hivyo.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Furaha aliniwekea kiti ukumbini, mbele ya mlango wa bafu. Akasema naweza kukaa hapo nikinyamaza. Nimenyamaza muda wa saa nne na nusu. Wanaonijua hawataamini.

Sijawahi kumwona kazini. Nimemsifu miaka mitatu na sijawahi kumwona, hata Jumamosi ile nilikuwa jikoni. Alimwaga maji yote ya jiza kwa mpira mpaka nje. Alifungua kila kiungo kwa mpangilio, akavipanga sakafuni juu ya gazeti, kila kimoja na mwenzake. Mimi nakata kitambaa hivyo hivyo. Jiza likashuka. Trei ikaingia, akaiwekea bomba lake, akamwaga kikombe cha maji ndani kuona kama yanatoka nje. Yakatoka. Jiza likapanda. Anaweka pima-maji juu ya bomba, anatazama kipovu, anasogeza kidogo, anatazama tena. Ulimi uko nje pembeni ya mdomo. Alikuwa hivyo akijifunza kuandika.

Bwana Govender alisimama mikono mgongoni, hakugusa kitu. Papa Mokoena naye akaja, na faili. Akasimama nyuma ya kiti changu. Hatukusalimiana sana.

Halafu Bwana Govender akaonyesha bomba la valvu ya usalama, lile la kutolea maji jiza likizidi moto. Akamuuliza linatokezea wapi. Furaha akatazama dirishani, na mimi nikatazama. Linatokezea moja kwa moja juu ya kibaraza cha Gogo Nomsa, pale anapoanika nguo na kuota jua asubuhi. Maji yanayochemka yangemshukia kichwani. Furaha alilifuata bomba la jiza la zamani, mahali pale pale, hakufikiria.

Hilo halikuwa la wageni wangu. Hilo lilikuwa lake.

Nilitaka kusema kitu cha kumtetea. Mdomo ulishafunguka. Yeye akasema yes, ni kosa langu, akalikata bomba, akalipitisha pembeni mpaka kwenye mfereji wa ukuta. Nusu saa. Hakuna aliyepiga kelele.

Fundi wa umeme alipima waya, akabadilisha swichi, akaandika karatasi yake. Bwana Govender alizunguka na tochi, akagusa kila kiungo kwa kidole, akaandika ya kwake. Nakala moja kwangu, moja kwa kamati. Papa Mokoena aliisoma yote, mbele na nyuma, akaitoboa, akaitia kwenye faili la kijani. Kutoka humo humo akachomoa ile barua ya bodi. Alimpa Furaha. Hakunipa mimi.

Furaha akaikunja mara nne, akaitia kwenye begi la vyombo. Nilidhani ataichana. Anasema ataiacha humo.

Jumatatu kazini, Bwana Govender amesema. Saa moja kamili.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Mkutano wa akina mama. Habari zilishafika kabla yangu. Mama Esther akaniuliza kwa sauti ya huruma kama ni kweli jiza tuliloliombea lilitolewa.

Nikawasimulia yote. Fomu chini ya vitenge, trei, mtu wa kwenye kiti, kikao, bomba la kwa Gogo Nomsa. Sikupunguza. Nikawaambia pia kwamba tuliliombea likiwa limefungwa vibaya, na nani anajua, pengine ndiyo maana halikupasuka. Wakasema amina.

Kisha nikamwambia Mama Esther kwamba binti yangu amefunga jiza moja mara mbili ndani ya siku kumi na mbili, na leo lina karatasi mbili. Mwanawe wa benki amefunga mangapi?

Kicheko kilifika mpaka barabarani. Hata yeye alicheka. Ameniomba namba ya Bwana Govender, jiza la mwanawe linadondosha.

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Furaha aliondoka alfajiri. Chai aliinywa amesimama. Nilitaka kumwombea kwa kumshika kichwa, nikaona amesuka vizuri, nikamshika bega. Akaniambia nisimwambie mtu mpaka majibu yatoke. Majibu ni wiki sita. Nimekubali.

Nimeshona siku nzima. Gauni la bibi harusi, shanga za kifuani, kazi ya macho. Mteja mmoja kaja, akauliza binti hajambo. Nikasema hajambo. Nikampima kiuno.

Amerudi jua likiwa limeshafika kwenye ukuta wa jirani. Akasema mtihani ulikuwa mrefu. Akavua viatu, akachukua taulo.

Sasa anaoga. Maji yanashuka ndani ya ukuta, nayasikia. Nimesimamisha cherehani.